Pacha wangu: binti kampita kaka yake sentimita 9, tena kavunjika mkono kwa kuanguka kidogo tu

Mama Pacha

Habari zenu wanajukwaa. Nina pacha, wa kike na wa kiume, wana miaka 12 na miezi minne. Tangu wana miaka mitatu nawapima kila siku yao ya kuzaliwa, wakisimama peku kwenye fremu ya mlango, nachora mstari kwa penseli. Miaka yote mistari yao ilikuwa karibu karibu mpaka nikawa naandika herufi pembeni nisije nikachanganya. Sasa hivi binti ana sentimita 155 na kaka yake 146. Mwaka jana peke yake binti kaongeza 8, mvulana 5.

Yanayonisumbua ni mawili. Miezi minne iliyopita binti alijikwaa akaangukia kiganja, kuanguka kwa kawaida kabisa, na mfupa wa mkono ukavunjika juu kidogo ya kifundo. Tuliambiwa haukukatika, umejikunja upande mmoja. Akafungwa plasta ngumu wiki nne, ukapona. Nilipomuuliza daktari kwa nini mfupa uvunjike kirahisi hivyo, alisema "ni umri tu" akaita mgonjwa mwingine. Je, mifupa yake ni dhaifu? Miezi miwili iliyopita amevunja ungo pia, kama hilo lina maana.

La pili ni mvulana. Wenzake wanamwita mdogo wa dada yake. Juzi nilimkuta mlangoni peke yake, kaweka kitabu kichwani, anajaribu kujichorea mstari. Moyo uliniuma. Nisubiri, au kuna kitu nimechelewa kukifanya?

Baba Watatu

Pole Mama Pacha. Huyo binti mkataze kabisa kukimbia na kuruka mpaka amalize kukua, mifupa yao bado laini. Mvulana mtafutie vidonge vya kurefusha, vinauzwa hata mtandaoni.

Mpiga Eksirei

Pole sana dada, na umpe pole binti. Kaka Baba Watatu, najua umeshauri kwa nia njema, lakini yote mawili sikubaliani nayo na nitaeleza kwa nini.

Kazi yangu ni kupiga picha za eksirei, mwaka wa 17 huu, na viganja vya watoto wa umri huo ndivyo vinavyojaa mezani kwangu. Mama Pacha, kama ile picha ya mkono bado unayo, iinue kwenye mwanga. Karibu na kifundo utaona mfupa mnene wa kigasha (sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kifundo) haufiki mwisho: kuna ufa mweusi mwembamba unaokwenda kimshazari kidogo, kisha kipande kingine kimekaa juu yake kama kofia. Wazazi wengi hunyooshea kidole hapo wakidhani ndipo palipovunjika. Hapana. Hapo pana gegedu, ile tishu ngumu kiasi inayonyumbulika kama ya sikio, na gegedu halionekani kwenye eksirei. Seli zake hugawanyika, hujipanga safu safu, huvimba, kisha madini huingia na sehemu hiyo inageuka mfupa. Mfupa mrefu hurefuka kutokea kwenye ncha hizo, katikati haurefuki.

Sasa sikiliza hili, maana ndilo jibu la mkono wa binti. Urefu hutangulia, madini hufuata nyuma. Wasichana wengi hurefuka kwa kasi kubwa kuliko wakati wowote tangu walipotoka uchanga wakikaribia miaka 12, lakini kilele cha kujaza madini huja miezi kadhaa baadaye. Katika miezi hiyo ya katikati mfupa ni mrefu lakini haujashiba, na sehemu iliyo jirani na gegedu la ukuaji ndiyo changa kuliko zote. Ndiyo maana kigasha huvunjika sana kwa wasichana wa miaka 11 na 12, na kwa wavulana wa miaka 13 na 14. Huyo binti alianguka katika dirisha hilo hilo. Mfupa mmoja uliojikunja mara moja, kwa kuangukia kiganja, hauonyeshi ugonjwa. Angevunjika mara kwa mara, au akavunjika uti wa mgongo au paja bila kishindo cha maana, hapo ningesema achunguzwe.

Kumzuia kuruka ni kumnyima kitu anachokihitaji. Katika miaka miwili tu inayozunguka kilele hicho, kijana hujaza takriban robo ya madini yote ya mifupa atakayokuwa nayo ukubwani. Mfupa hujua pa kuongeza kwa kusukumwa: kuruka kamba, kukimbia, kutua kwa miguu. Mkono umeshapona, mwache aruke. Ahakikishe anakula vyakula vyenye kalsiamu na apate jua.

Mpiga Eksirei

Naendelea na mvulana, ujumbe ulikuwa mrefu mno.

Hao ni pacha lakini saa zao za ukuaji ni mbili. Msichana huanza kurefuka mwanzoni kabisa mwa balehe. Mvulana huchelewa: kwanza korodani hukua, mambo mengine hufuata, na kilele cha urefu huja karibu na miaka 14. Ile miaka miwili ya ziada anakua polepole, hasa miguu, na akianza mbio zake kasi huwa kubwa kidogo kuliko ya dada yake. Ndiyo sababu watu wazima wanaume huwazidi wanawake kwa wastani wa sentimita 13 hivi.

Kitu kinachofunga gegedu, yaani kulimaliza lote ligeuke mfupa na urefu ukome, ni homoni ya estrojeni, kwa wote wawili. Wengi hudhani kwa mvulana ni testosteroni, homoni ya kiume, lakini mwili wake huigeuza sehemu ya testosteroni kuwa estrojeni, na hiyo ndiyo inayofunga. Mwaka 1994 madaktari wa Marekani waliandika habari za mwanamume wa miaka 28 ambaye mwili wake haukuweza kuitikia estrojeni. Alikuwa na sentimita 204, bado anarefuka, na mifupa yake ilikuwa imepungukiwa madini. Tangu nilisome hilo naziangalia picha za wavulana kwa jicho jingine.

Unene pia hutofautiana. Wavulana huongeza mfupa kwa nje, bomba linapanuka. Kwa wasichana estrojeni huzuia upanuzi wa nje na huongeza kwa ndani, upande wa uboho. Bomba pana ni gumu kupinda, kwa hiyo mfupa wa mwanamume hustahimili zaidi, ingawa mfupa wenyewe, kipande kwa kipande, hauna ubora tofauti. Mabega ya mvulana hupanuka, nyonga za msichana hutanuka.

Vidonge vya mtandaoni achana navyo. Hakuna kidonge kinachorefusha mtoto mwenye afya njema, na homoni zikitumiwa ovyo zinaweza kufunga gegedu mapema, abaki mfupi.

Bibi Nesi Mstaafu

Mwanangu Mama Pacha, mvulana akifika miaka 14 na korodani hazijaanza kukua, mpeleke. Kabla ya hapo, kama anaongeza 5 kwa mwaka, anakwenda vizuri. Na viatu vyake viangalie. Nyayo hutangulia, miguu ifuate, kiwiliwili mwisho. Wangu alibanwa na viatu mara mbili kabla suruali haijamfupikia.

Mama Pacha

Asanteni, nimesoma nikilia kidogo. Mpiga Eksirei, ile picha nimeitafuta, na ufa mweusi nimeuona. Mimi nina sentimita 160, baba yao 174. Kuna njia ya kujua watafika wapi?

Mpiga Eksirei

Ipo ya makadirio. Jumlisha urefu wenu: 334. Kwa mvulana ongeza 13, gawa kwa mbili, unapata 173.5. Kwa binti punguza 13, gawa kwa mbili, 160.5. Watoto wengi hutua ndani ya sentimita 8 hadi 10 juu au chini ya hapo. Binti ameshavunja ungo, na wengi baada ya hapo huongeza 5 hadi 7 tu, kwa hiyo 155 yake inaelekea huko huko. Mvulana ana safari ndefu zaidi.

Mama Pacha

Bibi, nimeviangalia viatu. Nilivinunua miezi mitatu iliyopita na kidole gumba kimeshagusa mbele. Hayo mengine baba yake ataongea naye jioni. Nimemwonyesha mwanangu hesabu, akaomba penseli, akachora mstari mdogo kwenye fremu pale 173 na nusu, akaandika herufi yake pembeni.