MREJESHO: lile swali la mzingo wa bustani, dogo kaelewa

Wakuu habari, nimerudi na mrejesho. Niliuliza juzi kuhusu swali la binti yangu wa darasa la sita: bustani ya mstatili ina mzingo wa mita 60, upana ni 2/3 ya urefu, tafuta eneo. Yeye alikuwa anachukua 2/3 ya 60 anapata 40 anasema ndo upana, na mimi baba mtu nikawa natikisa kichwa tu maana hata mimi nilishasahau 😂

Aliyenishauri niache fomula nichore kwanza, ubarikiwe sana. Tukachora mstatili, urefu tukaugawa vipande 3 na upana vipande 2 vinavyolingana. Urefu na upana mmoja ni nusu ya mzingo, yaani 30, na hapo kuna vipande 5, kwa hiyo kipande kimoja mita 6. Urefu 18, upana 12, eneo 18 × 12 = mita za mraba 216. Akahakiki mwenyewe, 18+12+18+12 ikatoka 60, akacheka.

Shida iliyobaki ni kujumlisha, 2/3 + 3/4 anaandika 5/7. Nikamuuliza 5/7 si ndogo kuliko hiyo 3/4 uliyoanza nayo, sasa umejumlisha au umetoa? Akanyamaza kidogo, akatafuta asili (namba ya chini) ya pamoja, 12, akapata 8/12 + 9/12 = 17/12, ila kuibadilisha iwe 1 na 5/12 bado anagoma, kesho tena.