Riwaya za Roma ya kale: tuanze na ipi?

Mla Vitabu:
Wakuu, heshima kwenu. Nimerudia kusoma Juliasi Kaizari, tamthilia ya Shakespeare iliyotafsiriwa na Mwalimu Nyerere, na kiu imenipanda. Sasa natafuta riwaya, si tamthilia, ya Roma ile ile ya kale: siasa zake, mahakama, mitaa, majiko. Ni kwa ajili ya kikundi chetu cha kusoma, na Kiingereza chetu si kibaya. Mwenzetu mmoja anashikilia kwamba riwaya za kihistoria ni uongo mtupu, tusome wanahistoria basi. Mnasemaje?

Kipanga:
I, Claudius ya Robert Graves, 1934. Usihangaike na nyingine kabla ya hiyo. Msimulizi ni Claudius mwenyewe, aliyekuja kuwa kaizari, kigugumizi, anachechemea, ukoo mzima unamwona zuzu, na uzuzu huo ndio uliomponya wakati ndugu zake wanamalizwa kwa sumu na upanga. Ukiimaliza ipo ya pili, Claudius the God. Na huyo mwenzenu mwambieni hao wanahistoria nao walikuwa na upande. Tacitus na Suetonius waliandika miaka mingi baada ya Claudius kufa, na chuki zao zinaonekana.

Bint wa Pwani:
Kaka Kipanga, Graves ni fundi, sikatai, lakini unafungiwa kasri tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Aanze na Robert Harris: Imperium, halafu Lustrum, halafu Dictator. Msimulizi ni Tiro, mtumwa na karani wa Cicero, yule wakili na mwanasiasa wa Roma. Tiro ni mtu aliyekuwepo kweli na anayesifika kwa kubuni hati mkato. Cicero alimwachia huru mwaka 53 KK.

Sehemu kubwa ya Imperium ni kesi ya Verres, gavana aliyeikomba Sisili sanamu, nafaka, hata vyombo vya hekaluni. Watetezi wake walitaka kesi ipigwe kalenda mpaka mwaka wa 70 KK uishe, maana mwaka unaofuata mahakama ingekuwa mikononi mwa watu wao. Cicero akaiona njama. Akaacha hotuba ndefu ya ufunguzi ambayo kila wakili aliitegemea kumpa jina, akawamwaga mashahidi mmoja baada ya mwingine. Verres hakusubiri hukumu, akakimbilia Marseille. Mtu aliyewahi kufuatilia kesi ya ufisadi hapa kwetu atasoma kurasa hizo bila kuinua kichwa.

Mkongwe:
Nimesoma kimya, sasa niseme. Wote mnapendekeza Wazungu waliowaandika Wazungu wenzao. Vijana wanawajua wake za Claudius kwa majina, ukiwauliza Kinjeketile alipandisha mori Matumbi mwaka gani wanatazamana. Shule ilitufanyia hivyo kwa lazima. Ninyi mnajifanyia kwa hiari.

Mla Vitabu:
Shikamoo mzee wangu. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein tumeisoma yote, tukabishana usiku kucha. Mtu akisoma cha kwao hajakatazwa kusoma cha jirani.

Wakili wa Mtaa:
Mimi kilichoniuma ni hilo la "Wazungu". Septimius Severus, kaizari tangu 193 hadi 211, alizaliwa Leptis Magna, Libya ya leo. Mwafrika huyo aliamrisha majeshi toka Uingereza hadi mto Frati, na kifo kilimkuta York akiwa vitani. Apuleius aliyeandika Punda wa Dhahabu, riwaya pekee ya Kilatini iliyotufikia nzima, ni mtu wa Madauros, Algeria. Roma yenyewe ilikuwa nusu ya kwetu, mzee. Unawapa watu bure.

Mkongwe:
Libya si Songea. Huyo Severus wako alikuwa Mwarabu, na Waarabu nao tunajua walitufanyia nini.

Wakili wa Mtaa:
Mwarabu gani karne ya 2? Waarabu waliiteka Libya karne ya 7! Upande wa baba ni Wafoinike wa Afrika, kizazi cha mabaharia wa Lebanoni ya kale, upande wa mama asili yake Italia. Mzee, heshima yako ipo palepale, lakini usitupe neno tu kwa sababu lina hasira ndani yake.

Mkongwe:
Kwa hiyo baba Mfoinike, mama Mwitalia. Mwafrika yuko wapi hapo? Umejijibu mwenyewe.

Dawa Chungu:
Ipo picha yake, tena ya wakati wake, imechorwa juu ya ubao, ilitoka Misri na sasa iko Berlin. Severus ana ngozi ya kahawia iliyokolea na ndevu zenye mvi, mkewe Julia Domna kavaa lulu, mbele yao watoto wawili. Mtoto mmoja hana uso. Umekwanguliwa, pamebaki duara tupu juu ya mabega. Huyo ni Geta. Kaka yake Caracalla alimuua, halafu ikatoka amri jina na sura yake vifutwe kila mahali. Tazameni rangi ya baba, kisha mrudi hapa.

Kipanga:
Wachoraji wa Misri walikuwa na kawaida ya kumpaka mwanamume rangi nzito na mwanamke rangi nyepesi, kwa hiyo picha hiyo haikati kesi. Na jamani, mtu kaomba kitabu.

Dawa Chungu:
Kitabu nitampa. The Emperor's Babe ya Bernardine Evaristo, 2001. London ya Warumi, mwaka 211. Zuleika, binti wa wahamiaji kutoka Sudan, anaozwa kwa tajiri angali mtoto, baadaye anapendana na Severus huyu huyu mnayemgombania. Imeandikwa kwa beti, inasomeka upesi na inauma. Mwandishi ni Mwingereza mwenye baba Mnaijeria, kwa hiyo mzee Mkongwe hapa hana pa kulalamikia.

Lakini Bint wa Pwani nina neno nawe. Unamsifia Tiro eti mtumwa anasimulia. Mtumwa gani huyo, anayeandikiwa barua za mapenzi na bwana wake akiugua? Ukitaka utumwa wa Roma, tafuta ule wa mashambani na migodini. Hukuuleta kwa sababu haupendezi kusoma.

Bint wa Pwani:
Mimi nimezaliwa Bagamoyo. Hakuna mtu wa kunifundisha kipi kinapendeza na kipi hakipendezi kwenye habari za utumwa. Njia ya misafara ilipita tulipokuwa tunacheza utotoni. Soko la Zanzibar lilifungwa 1873, na zipo familia kwetu ambazo mpaka leo swali la babu katoka wapi linanyamaziwa.

Tiro nimemtaja kwa sababu hiyohiyo. Anakula vizuri, anapendwa, anashauriwa, na bado ni mali ya mtu. Mwaka 61 BK mkuu wa jiji la Roma, Pedanius Secundus, aliuawa na mtumwa wake mmoja. Sheria ya kale ilitaka watumwa wote waliolala chini ya dari lile wauawe. Walikuwa kama 400, wamo wanawake na watoto. Umma ukajaa barabarani kuzuia, kaizari Nero akapanga askari njia nzima, wakapitishwa kwenda kufa. Hao walikuwa watumwa wa nyumbani, Dawa Chungu. Wapishi, makarani, yaya. Mtu aina ya Tiro. Usiniambie utumwa ni wa shambani tu.

Dawa Chungu:
Sijasema tu. Nimesema haukuletwa.

Wakili wa Mtaa:
Ya Pedanius sikuwa naijua. Riwaya yake iko wapi?

Kipanga:
Mnataka za watumwa, yupo Howard Fast, Spartacus, 1951. Na kwa yule anayelilia ukweli: Shakespeare kaweka saa inagonga usiku ule Bruto anapanga njama, karne nyingi kabla saa za kugonga hazijabuniwa. Tamthilia imekufa? Mwalimu aliona bado inafaa kutafsiriwa.

Mkongwe:
Mwalimu aliitafsiri kuonyesha Kiswahili kinaweza kubeba chochote. Hakuwatuma mhamie Roma. Mnataka riwaya ya Roma inayotuhusu? Karne ya 1, mfanyabiashara wa Misri anayeandika Kigiriki anaitaja Rhapta, soko la mwisho la pwani yetu. Meno ya tembo na magamba ya kasa yanatoka, mikuki, shoka na shanga za kioo zinaingia. Manahodha Waarabu wameoa pale pale na lugha ya wenyeji wanaijua. Profesa Felix Chami alichimba delta ya Rufiji akatangaza shanga za Kirumi. Binti wa Rhapta aliyeolewa na nahodha yule, baba yake mwindaji wa tembo: hiyo ndiyo mngekuwa mnaitafuta.

Mla Vitabu:
Mzee, hiyo ningeinunua leo. Ipo?

Mkongwe:
Haipo. Iandikeni.

Bint wa Pwani:
Ikiandikwa, Rhapta iwekwe Pangani. Rufiji hapana.

Mkongwe:
Shanga zimetoka Rufiji, wewe unataka Pangani kwa ushahidi gani?

Bint wa Pwani:
Mdomo wa mto, na safari ya siku mbili kutoka kisiwa kile anachokitaja mfanyabiashara wako wa Misri. Wapo wanaokihesabu kuwa Pemba. Kutoka Pemba mpaka Rufiji kwa tanga, mzee, hebu pima kwenye ramani kisha tuendelee.