Mrejesho: taa za nje zilizokuwa zinakata umeme mvua ikinyesha

Wakuu, niliuliza kwa nini sakiti breka inajikata kila mvua ikinyesha, tangu nifunge taa mbili za nje za wati 50 nyumbani Kigamboni. Mlioniambia nianze na maungio, Mungu awabariki sana.

Fundi alizima swichi kuu, akapima kwa testa, ndipo akapanda ngazi. Taa zenyewe ni IP65, yaani haziingizi vumbi wala maji ya mvua, hazina shida. Kiungo cha waya kilizungushiwa selotepu tu. Alipoibandua maji yakachuruzika, na shaba imeota kutu ya kijani. Nilishtuka mno, maana wanangu hucheza hapo chini.

Sasa kuna boksi lisiloingiza maji. Waya unaingilia kwa chini, umeachwa uning'inie kidogo ili matone yadondoke kabla ya kulifikia. Ule waya wa ethi, wa kijani na njano, unaopeleka ardhini umeme uliovuja, kumbe haukuunganishwa kabisa! Umeungwa. Tumeongeza RCD ya miliampea 30, inayokata umeme ukivuja. Skrubu nimenunua za stenlesi, chumvi ya bahari huku inakula chuma upesi.

Juzi mvua ilipiga usiku kucha, taa zikawaka mpaka alfajiri.