Huyu mtaalamu wa kugonga matofali anitoke kabisa!

Wakuu nina hasira, hata chai imenishinda. Mnamjua huyo, yule wa kofia nyeupe na faili kwapani, anayefungia taka zenye sumu ndani ya saruji eti zisivuje, kila wanapoyeyusha betri chakavu hakosi. Wiki iliyopita kaja kwetu kachota vumbi la tanuru, madini ya risasi matupu, kalikoroga na saruji kwa koleo kama zege la choo, kipimo jicho lake. Likagoma kushika siku kibao, si risasi inachelewesha saruji. Leo limekauka ndo jamaa kaligonga KO KO KO mbele ya bosi, "imekwisha hii, hata mtoto akalie".

Nikauliza kwa adabu tu, mzee, maji yanayochuja humo umeyapima? Akanicheka! "Wewe kazi yako kuchochea moto." Mlinzi kacheka, mama ntilie kacheka, mbwa wa getini naye nadhani alicheka. Eti KO KO KO! Sumu inapimwa kwa kugonga mlango?

Chuma Chakavu: Mkuu kilichokuuma ni kicheko cha mama ntilie, sema ukweli 😂

Maabara Pembeni: Kagonga nini sasa? Kipimo cha Wamarekani unaliponda lipite tundu la milimita 9.5, unalizungusha kwenye asidi hafifu masaa 18, risasi ikifika miligramu 5 kwa lita hiyo ni taka hatari. Na saruji ikizidi ukali wa alkali yake (kinyume cha asidi) risasi inayeyuka upya.

Mleta uzi: UMEONA! Na uwanja wetu umelowa asidi ya betri, inayokula saruji yenyewe. Afu anagonga. KO KO KO.

Binti Mgodini: Nyie mna nafuu, huku kwetu ni zebaki. Saruji peke yake haiishiki, mpaka uianze na salfa iwe salfaidi, kitu kisichoyeyuka kirahisi. Wa kwetu kamwaga mfuko mmoja wa saruji kwenye marudio (mchanga unaobaki baada ya kuchenjua dhahabu) kaondoka na posho.

Chuma Chakavu: Posho analipwa kwa kila KO

Ngozi Asilia: Hamjaona kromiamu ya viwanda vya ngozi, ile aina ya 6 yenye sumu kali, bila kuigeuza iwe aina ya 3 iliyo nafuu kwanza unafukia saruji bure

Fundi Rasharasha: Huo mfuko mmoja alioumwaga mnauzaje? Nimekwama kwenye lenta

Binti Mgodini: Njoo PM

Fundi Rasharasha: Dukani kwetu wanaufungua wanapunguza wanashona tena, yani hawa watu...

Chuma Chakavu: Wa kwetu hadi nondo wanakata