Mdogo wangu ana divisheni 3 ya pointi 22 lakini Fizikia F. Uuguzi ndiyo basi tena?

Bajaji_ya_Masasi (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni. Naomba ushauri, na wenye matusi naomba wayaweke akiba ya uzi mwingine.

Nina mdogo wangu wa kike, kamaliza kidato cha nne mwaka jana. Tangu yuko darasa la tano wimbo wake ni mmoja tu, unesi. Bibi yetu alipolazwa na kidonda cha sukari, yeye ndiye aliyekuwa anashinda naye wodini, akirudi nyumbani anatufundisha watu wazima namna ya kunawa mikono.

Matokeo yake haya hapa: Kiswahili B, Baiolojia C, Jiografia C, Historia C, Uraia C, Kemia D, Kiingereza D, Fizikia F, Hesabu F. Divisheni 3 ya pointi 22 (hapa pointi chache ndiyo bora). Tukachinja kuku.

Mtoto wa jirani kapata divisheni 4 ya 27. Kiswahili C, Hesabu F, kwingine kote D. Tukaenda kuwapa pole, mama akabeba na sukari kilo moja.

Sasa juzi nakwenda steshenari kuulizia maombi ya vyuo, kijana wa pale anatazama matokeo yote mawili ananiambia: wa jirani anaweza kuomba uuguzi, wako hawezi. Nikadhani ananitania. Nimerudi nyumbani nimeshindwa hata kumwambia mwenyewe.

Kuna jamaa kasikia, anasema ana mtu wake kwenye chuo kimoja binafsi mkoa wa mbali. Tumpe laki nne, binti ataingia, Fizikia ataisafisha mbele ya safari. Mama pesa ya korosho anayo bado na anataka kuitoa wiki hii. Nifanyeje? Nawasilisha.

Mzee_wa_Kona

Nipe mimi laki mbili nikwambie umepigwa. Utaokoa laki mbili nzima.

Sista_Zamu_ya_Usiku

Kaka, kijana wa steshenari kakwambia kweli. Kwa stashahada ya uuguzi na ukunga hawaangalii divisheni. Wanataka ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, na ndani yake lazima ziwemo Baiolojia, Kemia na Fizikia. Ufaulu ni kuanzia D. Ndiyo maana wa jirani anapita na pointi zake 27 na wenu anakwama na 22. Hesabu na Kiingereza vinamwongezea mtu nafasi, ila Fizikia ndiyo mlango wenyewe.

Kuhusu huyo jamaa wa laki nne, mimi nimeona kwa macho yangu. Mwaka wangu wa kwanza tulikuwa na mwenzetu aliyeingia hivyo hivyo, kwenye chuo binafsi, sitakitaja. Alilipa ada, akashona sare, akanunua na saa ya kubandika kifuani. Majina yalipopelekwa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya kati, kuhakikiwa, lake halikurudi. Chuo kikawa kinamwambia subiri, subiri, mpaka muhula wa pili. Siku anaondoka alikuwa anakunja mashuka yake bwenini na hakuna aliyejua amwambie nini. Ada haikurudi. Na hata angevumiliwa hadi mwisho, bila uhakiki angefikaje kwenye mtihani wa leseni wa Baraza la Uuguzi na Ukunga? Bila leseni huruhusiwi kumgusa mgonjwa.

Mwambie mama afunge hiyo pesa kwenye kanga.

Mtoto_wa_Mjini

Afanye QT mwaka huu, simpo.

Ticha_Chaki

Hapana, QT siyo yake. QT ni ya wale ambao hawakupita mfumo wa kawaida na wanatafuta sifa ya kukalia mtihani wa kidato cha nne. Huyu kidato cha nne anacho tayari. Anarisiti, yaani anarudia mtihani, kama mtahiniwa wa kujitegemea, kwa masomo anayotaka tu, Novemba hii. Usajili huwa mwanzoni mwa mwaka, na ukichelewa unalipa na faini, kwa hiyo msilale.

Nafundisha Fizikia mwaka wa kumi na moja huu. D inaanzia alama 30. Narudia, thelathini. Aliyepata C ya Baiolojia hawezi kushindwa kuzitafuta 30 za Fizikia. Kinachowaangusha wengi, hasa wasichana waliosoma shule zisizo na mwalimu, ni kwamba walishaambiwa mapema somo haliwahusu, wakawa wanaingia chumba cha mtihani kuandika jina. Muulize kama hakufanya hivyo.

Asianze na umeme. Aanze na vipimo, msongamano, shinikizo, kanuni ya Archimedes, mashine rahisi, joto. Sehemu ya kuchagua na kuoanisha asiiache wazi hata swali moja. Na mazoezi ya maabara aulize kituo mapema wanayaendeshaje, maana vituo vingine ni darasa na ubao tu. Nyumbani afanye hivi: achukue uzi, afunge jiwe dogo, aning'inize. Apime urefu wa uzi sentimita 40, aliachie libembee, ahesabu mabembeo 20 kwa saa ya simu, agawe kwa 20. Arudie kwa sentimita 60, 80, 100. Muda ule auzidishe kwa wenyewe, achore grafu dhidi ya urefu. Ikitoka mstari ulionyooka atakuwa kajifunza grafu, mteremko na mvutano wa dunia kwa mpigo, bila kulipa tuisheni.

BintiPCB

Samahani nadandia uzi. Mimi niko kidato cha sita, nataka digrii ya uuguzi. Kuna unafuu wowote huko?

Sista_Zamu_ya_Usiku

Mdogo wangu, huko unaomba chuo chenyewe kwa mwongozo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, na wanataka prinsipo tatu, yaani ufaulu mkuu wa masomo matatu ya kidato cha sita, Kemia na Baiolojia zikiwemo, kuanzia pointi 6. Kemia ndiyo uikazie. Ila usiibeze njia ya stashahada. Mimi nilipita huko, nikafanya kazi, nikachukua namba ya uhakiki wa stashahada NACTVET nikaomba digrii. Kinachoangaliwa hapo ni GPA, wastani wa alama zako za chuo, na bado wanakurudisha kwenye cheti chako cha kidato cha nne. F ya zamani haisahauliki kirahisi.

Dukani_Dawa

Kaka wa bajaji, kama mwaka wa kukaa nyumbani unamtisha, famasia inaangalia Kemia na Baiolojia, Fizikia hailazimishwi. Mdogo wako kwa hiyo C na D anaomba. Mimi niliingia hivyo na leo nina duka langu la dawa. Ustawi wa jamii nao upo. Fikirieni.

Mzee_wa_Kona

Uuguzi wenyewe ajira ziko wapi? Mtaani kwangu nina manesi wawili wanauza juisi. Serikali ikitangaza nafasi, waombaji ni mafuriko. Mpeleke veta, chuo cha ufundi, ashone nguo.

Sista_Zamu_ya_Usiku

Ajira ni ngumu, sikatai. Lakini hao wawili siku wakiitwa wana leseni mfukoni.

Turudi kwenye ushindani, maana hapa ndipo watu wengi wanajidanganya. D tatu za sayansi zinakufikisha getini tu. Vyuo vya serikali vinaombwa kwa pamoja kupitia mfumo wa NACTVET, ada yake ni nafuu kuliko ya vyuo vingi vya binafsi, na kila mtu anakimbilia humo. Wewe una D tatu, nyuma yako kuna mwenye B na C tatu ambaye kakosa nafasi kidato cha tano au hakutaka kwenda. Chuo kinaanza na nani? Mwenye D kwa hiyo asijaze machaguo yote Dar na Dodoma kisa ana shangazi huko. Achanganye. Newala iko hapo hapo kwenu Mtwara, Kibondo na Nzega zipo. Vyuo binafsi mnaomba chuoni moja kwa moja, ila hakikisheni kwanza chuo kimesajiliwa.

Kwa hiyo arisiti Fizikia, lakini arisiti na Kemia pia. Akitoa C ya Kemia anasogea mbele ya mamia. Nami niliomba na namba mbili za mtihani, ya shuleni na ya kurisiti, sikuona haya.

Na Hesabu asiitupe. Jana usiku nimepewa mgonjwa, lita moja ya dripu iingie kwa masaa 8, seti inatoa matone 20 kwa kila mililita. Mashine ya kuhesabia haipo. Mililita 1,000 mara 20, gawa kwa dakika 480, unapata kama matone 42 kwa dakika. Unasimama na saa yako unahesabu tone kwa tone unafungua na kukaza. Hesabu yenyewe ndiyo hiyo, ya darasa la saba, lakini ukiikosea kwa mtoto mchanga unaua.

Mama_Watatu

Mkopo je? Nasikia siku hizi hata stashahada wanapewa.

Ticha_Chaki

HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, walianza stashahada mwaka wa masomo 2023/2024, kwa fani walizozitaja. Siyo kila kozi ya afya imo, mama. Soma orodha ya mwaka husika kabla hujaipigia hesabu hiyo pesa.

Bajaji_ya_Masasi

Wakuu nimerudi. Dada Sista shikamoo, Ticha shikamoo.

Nilimsomea uzi wote jana usiku. Alilia kwanza. Halafu akasema kweli, mtihani wa Fizikia aliandika jina na maswali mawili, mwalimu wao alihama wakiwa kidato cha tatu na hakuletwa mwingine. Famasia kaikataa, anasema hataki kukaa nyuma ya kaunta, anataka wodi. Mama bado ananuna kwa sababu yule jamaa kapiga simu mara tatu leo kusema nafasi zinaisha. Nimeichukua simu nimeiweka mimi.

Kesho nampeleka kujisajili Fizikia, Kemia na Hesabu. Mtoto wa jirani naye kaja kuuliza ajaze vyuo gani, nimempa ushauri wa Sista kama ulivyo.

Ticha, jiwe limeshaning'inizwa kwenye kenchi ya jikoni tangu asubuhi. Anahesabu kwa sauti, mama kapita na sufuria anauliza huo ni uganga wa wapi. Kwa sentimita 40 kapata sekunde 1.3. Iko sawa hiyo?

Ticha_Chaki

Iko sawa kabisa. Aende 60.