Mjadala: Ngazi ya "ujima hadi ujamaa", bado tuwafundishe watoto?

MTOA MADA
Wakuu, jana nilikuwa namsaidia mpwa wangu wa kidato cha kwanza kujiandaa na jaribio la Historia. Kwenye daftari kachora ngazi ya hatua za maendeleo ya jamii, kaipiga rula vizuri kabisa: chini ujima (watu kumiliki mali kwa pamoja), juu yake utumwa, ukabaila, ubepari, kileleni ujamaa. Pembeni ya ujima kaandika "Wahadzabe", wale wawindaji wa huku kwetu Tanzania. Nikamuuliza, Wahadzabe wa lini? "Wa sasa hivi, mjomba."

Hapo ndipo nilipokwama. Ngazi hii ina historia yake. Lewis Henry Morgan, wakili wa Rochester huko New York, alitoa kitabu mwaka 1877 akiwapanga binadamu wote katika madaraja matatu: ushenzi, ubarbari, ustaarabu. Marx alikisoma akaandika dondoo zake, na mwaka 1884 mwenzake Engels akazitumia kuandika juu ya chimbuko la familia na dola. Vizazi vichache baadaye, mjukuu wa ngazi ile yumo kwenye begi la mpwa wangu.

Sasa sikilizeni Morgan alivyokuwa anapata ushahidi. Alikusanya majina ya undugu kutoka pande nyingi za dunia. Akikuta watu wanamwita ndugu wa baba "baba", anahitimisha kwamba zamani ndugu wa kiume walishirikiana wake, hivyo mtoto hakujua baba yake ni yupi. Mimi nina baba, baba mkubwa na baba wadogo wawili. Watoto wao ni kaka na dada zangu. Wa shangazi na mjomba ndio mabinamu. Kwa hesabu ya Morgan, kila nikimpigia baba mdogo simu ya kumwomba nauli, natoa ushahidi kwamba babu zangu waliishi hivyo!

Hoja yangu: iondolewe. Karibuni.

MCHANGIAJI WA 1
Mkuu, mimi ni mwalimu wa somo hilo, mwaka wa kumi na mbili sasa. Usimchome Morgan kwa kuni za leo. Wakati wake walikuwepo wasomi waliodai kwamba jamii za watu ni mbegu tofauti tangu asili, na nyingine haziwezi kuendelea milele. Morgan, na msomi mwenzake Tylor kule Uingereza, walisema akili ya binadamu ni moja. Hilo halikuwa dogo. Halafu nipe mahali ambapo dola ilitangulia chakula cha ziada. Mtoto wa miaka kumi na nne ana vipindi vichache kwa wiki, lazima umpe kitu cha kushika. Ukiondoa ngazi, unaweka nini?

MCHANGIAJI WA 2
Nimefanya kazi ya kupeleka wageni Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi, wanakoishi Wahadzabe. Mgeni anataka kuona "watu wa enzi za mawe". Anachokiona: Mhadzabe amekaa kivulini, anaponda msumari wa dukani kwa jiwe mpaka uwe ncha ya mshale. Vyuma vingine hupata kwa wahunzi wa Kidatoga, jirani zao wafugaji, kwa kubadilishana asali. Anakuelezea yote hayo kwa Kiswahili, na pale jirani lori linapakia vitunguu. Huyo umweke daraja lipi? Anaishi mwaka huu kama sisi, ila kazi yake ni nyingine.

MCHANGIAJI WA 3
Tusijifanye wageni wa mambo haya. Sisi watu wa pwani tulikuwa na ngazi yetu: waungwana juu, washenzi wa bara chini. Na hilo neno ustaarabu, lichunguzeni limebeba jina la nani.

MTOA MADA
Mchangiaji wa 3 umenikamata, mimi mwenyewe nimelitumia bila kufikiri.

Mwalimu, nakubali kwamba kilimo kilitangulia dola. Ila huo ni mfuatano wa mambo mawili, haukupi ruhusa ya kuwapanga watu walio hai. Angalia kipimo chenyewe kilivyo. Morgan aliweka uyeyushaji wa chuma kuwa mlango wa daraja la juu la ubarbari, maana ushenzi na ubarbari aliugawa kila mmoja chini, kati na juu. Waazteki wa Meksiko hawakuwa na chuma, basi wakabaki daraja la kati na jiji lao lote la Tenochtitlan. Wahaya waliyeyusha chuma kule Kagera tangu karibu miaka 2,000 iliyopita, kwa hiyo wanawapita. Wapolinesia, watu wa visiwa vya Pasifiki, kwa madai kwamba hawana upinde wala vyungu, akawashusha kwenye ushenzi, na Hawaii, kisiwa chao kimojawapo, ilikuwa na katiba tangu 1840. Ngazi gani hiyo?

Umeuliza tuweke nini. Mwanaanthropolojia Franz Boas alilijibu mwaka 1887, alipobishana na wasimamizi wa makumbusho kule Marekani waliopanga vitu vya makabila mbalimbali kwa kufanana. Mfano wake ulikuwa manyanga: kwa huyu ni kelele za kumfurahisha mtoto, kwa yule ni ibada. Ukiyapanga kabati moja umeshapotea. Basi tuanze na Buhaya, tanuri na mkaa wake. Tuende Kilwa. Kila mahali na mkondo wake.

MCHANGIAJI WA 1
Vizuri. Ila jaribio ni Ijumaa, na swali la nne nimeshalichapa: "Taja hatua tano." Mpwa wako ajaze nini?