Naomba ushauri: leseni ya duka inaisha na mimi si raia

Habari zenu ndugu. Mimi ni Mkenya, nimeolewa hapa Mwanza. Nina kiduka Kirumba: magazeti nayabana kwa vibanio kwenye kamba, ndani kuna soda, vocha na sabuni. Wachuuzi wa dagaa husoma vichwa vya habari wamesimama, ndoo kichwani. Gazeti wengi hawanunui, ila vocha na maji wananunua.

Sasa amri ya Julai 2025 inakataza wasio raia kufanya biashara ya rejareja. Mwenye leseni anaendelea mpaka iishe, kuhuisha hakuna. Yangu imekaribia. Mume wangu anataka tukate mpya kwa jina lake, mimi niendelee kuuza. Naogopa, maana raia anayemsaidia mgeni naye ana faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha hadi miezi 3. Na duka hili ndilo linalosomesha watoto wetu.

Kuna dada aliyeomba uraia kwa ndoa? Ulianzia wapi, na wakati unasubiri ulifunga duka? Pasipoti ya Kenya niko tayari kuiachia. Na kama mume ndiye mmiliki kwelikweli, mimi kukaa kaunta ni kosa?